Mazungumzo ya Faragha baina ya Mwalimu Mkuu na Mwalimu Wake

Katika shule zetu vikao haviadimiki. Kuna kikao cha kufungua muhula na cha kuufunga, kikao cha taaluma, kikao cha nidhamu, na kile cha dharura kinachoitishwa wakati wa chai. Kinachoadimika ni mwalimu mkuu kuketi na mwalimu mmoja, wawili peke yao, katika saa inayojulikana, wakazungumza juu ya kazi ya mwalimu huyo bila kuwapo kosa lililomleta. Katika makala haya tunakusudia kueleza mazungumzo ya namna hiyo ni nini, kwa nini yanahitajika, na yaendeshwe vipi.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimkuta kijana tuliyemfundisha chuoni, ambaye sasa alikuwa na miaka miwili kazini. Alikuwa akifundisha Hisabati katika Darasa la Tano. Mwalimu mkuu alitulalamikia kwamba kijana huyo ni mvivu: maandalio ya somo hayaleti, na barua mbili za onyo hazikumzindua. Alipoulizwa kikaoni, mbele ya wenzake, kama ana shida yoyote, alijibu, "Hakuna tatizo, Mwalimu."

Jioni tulikaa naye chini ya mwembe. Baada ya kuulizana habari za nyumbani kwa kitambo, alisema kwa sauti ya chini kwamba hajui kufundisha kugawanya sehemu. Kanuni ya kugeuza na kuzidisha aliijua. Lakini mtoto mmoja alikuwa amemwuliza kwa nini sehemu inageuzwa, naye hakuwa na jibu. Tangu siku hiyo aliiruka mada hiyo, na maandalio aliyaogopa kwa kuwa yangemfichua.

Hatukuhitaji zana zaidi ya chungwa moja. Tulilikata nusu, tukamwuliza nusu ile ina robo ngapi. Akajibu mbili. Basi akaona kuwa kugawanya nusu kwa robo ni kuuliza robo ngapi zimo ndani ya nusu. Na kwa kuwa kitu kizima kina robo nne, nusu yake lazima iwe na nusu ya hizo nne. Hapo ndipo kuzidisha kwa nne kunapotoka. Kazi hiyo haikuzidi kipindi kimoja, lakini watoto wa miaka miwili walikuwa wamekwisha kupita bila kufundishwa mada hiyo. Wala hatuwezi kumlaumu mwalimu mkuu peke yake, kwani kijana alipokuwa chuoni ni sisi tuliotazama masomo yake na kuandika "vizuri" pasipo kumwuliza ni lipi linalomtisha.

Maana na asili yake

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini yafaa tukumbuke kuwa hakuna anayejifunua sokoni. Mwalimu anayeona aibu kusema "sijui" mbele ya wenzake kumi na wawili anaweza kulisema neno hilo mbele ya mmoja anayemwamini. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mazungumzo ya faragha.

Jambo hili limefikiriwa na wengi. Mwaka 1969 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha Robert Goldhammer kuhusu usimamizi wa walimu, ambamo alieleza hatua tano: mazungumzo kabla ya somo, kutazama somo, kuchambua yaliyoonekana, mazungumzo baada ya somo, na mwisho msimamizi kujikosoa mwenyewe. Mwaka 1983 Andrew Grove, mmoja wa viongozi wa kampuni ya Intel, aliandika kwamba mkutano wa wawili ni mali ya yule aliye chini: yeye ndiye aletaye mambo ya kuzungumzwa, na mkubwa kazi yake ni kusikiliza na kuuliza. Aliongeza kuwa aliye mgeni katika kazi aonwe mara nyingi, pengine kila juma, na mzoefu aonwe baada ya majuma kadhaa.

Huku kwetu Tanzania, mfumo wa OPRAS ulioanza kutumika katika utumishi wa umma mwaka 2004 ulimtaka msimamizi na mtumishi wakae pamoja, wakubaliane malengo, na kuyapitia katikati na mwishoni mwa mwaka. Baadaye mfumo wa PEPMIS ulishika nafasi yake. Mifumo hiyo ni ya kutathmini, na ina kazi yake. Lakini mazungumzo tunayoyaeleza hayatoi alama. Mwalimu akihisi anapimwa, ataficha. Naye akificha, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza.

Matayarisho

Jambo la kwanza ni muda. Wakuu wa shule hutuambia kwamba hawana nafasi. Tufanye hesabu. Shule yenye walimu 12, kila mmoja akionwa kwa nusu saa kila baada ya majuma mawili, inahitaji saa 6 katika majuma hayo, yaani saa 3 kwa juma. Shule yenye walimu 24 yaweza kuwagawa kwa mwalimu mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa taaluma. Kila mmoja atapata walimu 8, nayo ni saa 2 tu kwa juma. Saa hizo ziandikwe katika ratiba kama vipindi vinavyoandikwa. Ikitokea dharura, mazungumzo yaahirishwe kwa siku iliyotajwa, yasifutwe.

Jambo la pili ni mahali. Wawili hao waonekane ila wasisikike. Kivuli cha mti uwanjani chafaa kuliko ofisi iliyofungwa mlango, hasa pale mmoja akiwa mwanamume na mwingine mwanamke, maana midomo ya watu haina pazia. Tena yafaa kuzingatia umri. Mwalimu mkuu kijana asimtume mwanafunzi kwenda kumwita mwalimu aliyemzidi miaka ishirini. Amwendee mwenyewe, amwamkie shikamoo, na kumwomba nafasi. Cheo hakipungui kwa heshima hiyo.

Namna ya kuyaendesha

Mwalimu mkuu aanze kwa swali lililo wazi, mathalani: "Katika majuma haya mawili, ni somo gani lilikupa taabu?" Swali hili ni bora kuliko "Je, kuna tatizo?" kwa sababu la pili hujibika kwa neno moja, na neno hilo tumekwisha kulisikia.

Akisha kuuliza, anyamaze. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha katika mwaka 1974 kwamba walimu darasani kwa kawaida husubiri jibu kwa muda wa kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye fikra zaidi. Twaona kuwa funzo hilo lafaa pia kwa watu wazima. Kijana wetu wa chini ya mwembe alinyamaza sana kabla ya kusema.

Pawe na daftari dogo la kuandikia mambo mawili: mwalimu ameahidi nini, na mwalimu mkuu ameahidi nini. Mkutano unaofuata uanzie hapo. Mwalimu mkuu aliyeahidi kutafuta kitabu cha kiada na asikitafute, hana haki ya kuuliza habari za maandalio.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, yaliyosemwa faragha yasirudiwe kikaoni, hata kwa mafumbo; siri ikivuja mara moja, walimu wote watafunga midomo. Pili, daftari lile lisiingizwe katika faili la siri. Kosa la nidhamu lina taratibu zake, nalo lishughulikiwe huko. Tatu, mazungumzo yasigeuzwe kuwa mahali pa kuulizia habari za walimu wengine. Nne, mwalimu mkuu asiahidi asichoweza. Nyumba na uhamisho haviko mikononi mwake, lakini kumsaidia mwalimu kuandika barua na kuifuatilia kunawezekana.

Hitimisho

Hatudai kwamba mazungumzo haya yataondoa msongamano madarasani wala uhaba wa vitabu. Twasema tu kwamba yapo matatizo ambayo hayahitaji fedha, bali yanahitaji mtu wa kuyasikia mapema. Wakuu wa shule wasio na hakika waanze na walimu wawili: aliyeripoti kazini hivi karibuni, na yule asiyesema neno kikaoni. Nasi wakufunzi tumeanza kufanya hivyo na wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kabla ya kuandika "vizuri" katika fomu, tunakaa na mwanachuo na kumwuliza ni mada gani angependa kuiruka.