Breki ya Oili Ikilegea: Toa Upepo Mwenyewe Nyumbani

Wakazi wa Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, hawahitaji kuelezwa thamani ya baiskeli. Tangu mwaka 1994 mahali hapo, palipokuwa gereza, pamewapokea wakimbizi, wengi wao Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili. Kutoka hapo hadi Lilongwe ni kilomita zipatazo 45. Baiskeli ya abiria huko huitwa kabaza. Mtu mzima akipanda nyuma, mzigo huwa karibu maradufu, na penye mteremko roho mbili hutegemea breki.

Breki za vyuma au za waya hujulikana na kila fundi wa chini ya mti. Taabu huja na baiskeli za mtumba zenye kisahani cha chuma na breki za oili. Ukibana mkono wa breki nao ukazama mpaka kugusa usukani, yaelekea upepo umeingia ndani ya mpira wa oili. Oili haibonyei, hewa hubonyea. Nguvu ya vidole huishia kubana mapovu.

Hapo wengi hukimbilia oili ya breki ya gari. Hasha! Soma kwanza maandishi ya mfuniko. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Oili ya gari iitwayo DOT huvimbisha mipira ya ndani, na breki hufa. Zilizoandikwa DOT nazo hazipatani na mafuta ya madini. Mafuta ya kupikia hata yasitajwe.

Kwa breki kama za Shimano, ondoa gurudumu na pedi, uzifunge pedi katika karatasi safi, kisha ingiza kibao safi kati ya pistoni zisichomoke. Laza mkono wa breki, fungua skrubu yake ya juu, ukaze faneli ndogo hapo. Chini, kwenye nipo, unganisha bomba la sindano lililojaa oili kwa kijimpira kinachobana. Legeza nipo, sukuma polepole. Oili itapanda na mapovu yataibuka katika faneli. Gongagonga mpira wa oili, kwani mapovu hupenda kujificha penye kona. Yakikoma, kaza nipo, bana na kuachia mkono mpaka uwe mgumu, ndipo urudishe skrubu.

Futa kila tone kwa spiriti kabla ya kurudisha pedi. Pedi iliyolowa oili haishiki tena. Bana kwa nguvu ukitazama kama pana uvujaji, kisha ijaribu baiskeli ukiikokota, bila abiria. Oili chafu itie katika chupa yenye alama, mbali na jiko.