Haki ya Anayetakiwa Kuhama: Msaada wa Kisheria katika Migogoro ya Ardhi ya Rumonge

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, anayetakiwa kuhama mara nyingi si mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi, bali ni mkulima aliyelima shamba kwa miaka mingi akiamini kuwa ni lake, na anayemdai ni mtu aliyerudi kutoka ukimbizini akitafuta itongo, yaani ardhi ya ukoo aliyoachiwa na wazazi wake. Kwa kuwa pande zote mbili huja na madai yenye mizizi, msaada wa kisheria, maana yake huduma ya ushauri na utetezi kwa asiyeweza kumlipa wakili, una uzito wa pekee katika ukanda huu.

Chanzo cha mgogoro ni mwaka 1972, ambapo uasi ulioanza tarehe 29 Aprili katika ukanda huohuo uliua Watutsi wengi, kisha ukafuatwa na mauaji makubwa zaidi ya Wahutu yaliyofanywa na jeshi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, ambako wengi waliwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mashamba waliyoyaacha hayakubaki matupu: mengine yalichukuliwa na majirani, mengine yaliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi, zao linalotoa mawese, kisha yakagawiwa wakulima wapya, ambao baadhi yao waliyauza kwa wanunuzi wasiojua lolote kuhusu wenyewe wa awali.

Mkataba wa Amani wa Arusha kwa Burundi, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliweka kanuni kwamba kila mkimbizi arudishiwe mali yake, hususan ardhi, na kwamba pale ambapo hilo haliwezekani alipwe fidia ya haki. Ili kuitekeleza kanuni hiyo, mwaka 2006 iliundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyojulikana kwa kifupi cha CNTB, ambayo katika miaka yake ya mwanzo ilielekea kuzipatanisha pande mbili kwa kugawana shamba, lakini baada ya uongozi wake kubadilika mwaka 2011 ikaelekea kumrudishia aliyekimbia ardhi yote. Mwaka 2014 ilianzishwa Mahakama Maalumu ya Ardhi na Mali Nyingine, ili asiyeridhika na uamuzi wa tume apate pa kukata rufaa, na shughuli za tume yenyewe zilikoma mwaka 2022.

Kwa mtu wa kawaida, ugumu uko katika kuzijua njia za kisheria za kudai haki na kuzifuata kwa wakati. Sheria nyingi huandikwa kwa Kifaransa, kesi kwa kawaida husikilizwa kwa Kirundi, na sokoni Rumonge watu wengi huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mshauri wa sheria ni kumweleza mhusika, kwa lugha anayoielewa, karatasi aliyoletewa inasema nini na muda wa kukata rufaa unakwisha lini. Kazi ya pili ni kukusanya ushahidi: hati ya mauzo, barua ya kugawiwa shamba, cheti kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya tarafa, pamoja na maneno ya wazee wa kilima, yaani eneo dogo la utawala, na ya bashingantahe, wale waamuzi wa jadi wanaoheshimiwa kwa busara yao. Kazi ya tatu ni kumsaidia asiye na kitu kupata kutoka kwa uongozi wa tarafa cheti cha umaskini, ambacho humpunguzia mzigo wa gharama za mahakama. Mashirika kama Norwegian Refugee Council na Avocats Sans Frontières yamewahi kutoa huduma za namna hii nchini Burundi.

Wanawake wanahitaji msaada huo zaidi, kwa kuwa Burundi haijawa na sheria iliyoandikwa ya mirathi na urithi wa ardhi umebaki chini ya mila, ambayo humpa mtoto wa kiume nafasi ya mbele. Hivyo mjane au binti anaweza kuondolewa shambani na ndugu wa mume au na kaka zake, bila mgeni yeyote kudai chochote.

Haki haikamiliki kwa kumrudisha mmoja na kumtupa mwingine barabarani. Aliyekimbia mwaka 1972 hakuiacha ardhi kwa hiari yake, na aliyegawiwa shamba na serikali hakuiba; kwa hiyo fidia iliyoahidiwa Arusha ni sehemu ya haki sawa na urejeshaji wenyewe, na wakili au mshauri anayemsimamia kila mmoja wao kabla ya siku ya kuondolewa huzuia uamuzi wa leo usigeuke kisasi cha kizazi kijacho.