Anayejitolea Ng'ambo Hulipiwa na Nani?

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii nimeisikia katika kila harambee niliyohudhuria tangu nianze kazi ya ualimu, na mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi kuwafungua watu mifuko. Leo naomba kuiongezea jambo moja: anayetoa ana haki ya kujua anatoa kwa ajili ya nini. Somo hili nililipata nikiwa nimekwisha kustaafu, na aliyenifundisha ni mwanafunzi wangu.

Alinijia Jumamosi moja nyumbani kwangu Kasikeu. Alikuwa amehitimu chuo cha ualimu na hajapata ajira. Alinikabidhi karatasi aliyokuwa amechapishiwa Sultan Hamud. Programu moja ya Kikristo barani Ulaya, inayowaandaa vijana kwa kazi ya umisheni, ilikuwa imemkubali awe mmoja wa wahudumu wake kwa muda wa miaka miwili.

"Mwalimu," aliniambia, "nimekuja kukuomba uwe mwenyekiti wa harambee yangu."

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Hapakuwa na mshahara. Isitoshe, kila mhudumu alitakiwa kulipia malazi na chakula chake kila mwezi, mbali na nauli, viza na bima. Nikamwuliza kama ameyaelewa hayo. Akanijibu kuwa ameyaelewa, na kwamba ameitwa.

Msomaji asidhani huo ulikuwa ulaghai. Utaratibu huo unajulikana. Shirika la Youth With A Mission, lililoanzishwa na Mmarekani Loren Cunningham mwaka wa 1960, huendeshwa na wahudumu wasiolipwa mshahara. Kila mmoja hutafuta jamaa, marafiki na makanisa ya kumtegemeza. Shirika hilo lina kituo Athi River, kando ya barabara hii hii ya Mombasa tunayoipita tukienda Nairobi.

Wala jambo lenyewe si geni Ukambani. Mwaka wa 1895 Peter Cameron Scott, kijana aliyezaliwa Glasgow na kulelewa Marekani, alifika Nzaui, si mbali na kwetu, akafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Wenzake hawakuwa wameahidiwa mshahara maalumu. Waliishi kwa michango ya waumini wa kwao. Scott mwenyewe aliaga dunia Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29. Katika miaka michache wengi wa kundi lile la kwanza walikuwa wamekufa au wameondoka. Kanisa la Africa Inland tulilo nalo leo, pamoja na shule nyingi tulizosomea, lina mizizi katika senti za watu wa mbali ambao hawakupata kamwe kuiona Nzaui.

Basi harambee ikafanyika katika uwanja wa kanisa. Kina mama walileta ndengu, mbaazi na machungwa. Ajuza mmoja, mjane, alileta kuku, naye kuku huyo akapigwa mnada mara tatu, kila anayemnunua akimrudisha auzwe tena. Msemaji mmoja alisimama akasema kwa furaha, "Mtoto wetu, ukifika huko kwenye neema, usitusahau sisi tuliokupeleka." Umati ukapiga makofi na vigelegele.

Hapo ndipo nilipokosea. Karatasi ile ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kuwa wengi waliokuwa uwanjani waliamini wanampeleka binti yao kuajiriwa, na kwamba walichotoa kingerudi kwa njia ya karo za wadogo zake na paa la mabati kwa mama yake. Ilinipasa kuwaeleza. Nilihofia kuwa ukweli ungepunguza kilichomo kikapuni. Nikasimama, nikashukuru, nikaketi.

Binti akasafiri. Huko, kama alivyonisimulia baadaye, alipika chakula cha wanafunzi sitini, akapanga ratiba, akawapokea wageni usiku wa baridi, akaongoza vikundi vya majadiliano vya vijana wa mataifa mengi. Alijifunza namna ya kuendesha ofisi na namna ya kuwasuluhisha watu wasioelewana kwa lugha wala desturi. Hakuna siku aliyojuta. Lakini huku nyumbani mwaka wa kwanza ulipopita bila senti kutumwa, maneno yalianza. Mdogo wake aliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, watu walisema dada yake amelewa Uzungu. Mama yake akaacha kukaa na wenzake baada ya ibada. Yule mama alibeba aibu ambayo haikuwa yake wala ya bintiye. Ilikuwa yangu.

Miaka miwili ilipotimia, binti alirudi na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Nilimwendea nikamwomba radhi. Kisha tukaenda pamoja kwa wazee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watu akiwa na daftari. Alisoma yote: kiasi kilichopatikana, nauli, viza, bima, alichokilipa kila mwezi, na kazi aliyoifanya. Nami nikasimama baada yake, nikasema nilichokuwa nikikijua siku ya harambee na sikukisema.

Kimya kilikuwa kirefu. Ndipo ajuza yule wa kuku alipoinuka, akaegemea mkongojo wake, akasema: "Kumbe ulikwenda mwethya! Mbona hamkutuambia? Ningekupa na kuku wa pili."

Kwa msomaji asiyetoka Ukambani, mwethya ni kundi la kazi za pamoja. Majirani hukutana leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule. Kila mmoja huja na jembe lake, na mwenye shamba huwapikia. Kwa nguvu za mwethya, zaidi za kina mama, yamechimbwa matuta mengi yanayozuia mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Machakos na Makueni. Hakuna aendaye mwethya akitarajia ujira. Lakini hakuna pia aendaye bila nyumba yake kujua amekwenda wapi, na kwamba jioni hatarudi na fedha.

Maneno ya ajuza yalinifumbua macho. Mwaka wa 1971 Mchungaji John Gatu, wakati huo Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alihutubia mkutano huko Milwaukee, Marekani, akataka wamishonari wa kigeni warudi kwao kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya huku yajitambue. Mwaka wa 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lilipokutana Lusaka, liliunga mkono wito wa kusitisha huko kwa muda. Wengi walikasirika, lakini hoja ilikuwa na uzito: anayepokea daima husahau kuwa anaweza kutoa. Sasa tazama yaliyotokea kwetu. Kasikeu, pahali pa ukame na karo zisizolipika, ilikuwa imempeleka mhudumu Ulaya kwa ndengu na machungwa yake, na haikujua. Kwa kunyamaza kwangu niliwanyima wale watu heshima ya kujitambua kuwa watoaji. Niliwafanya wadai.

Kutokana na hayo, nina ushauri kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu. Kwanza, barua ya mwaliko isomwe hadharani, kwa lugha inayoeleweka na bibi wa kijijini, kabla ya kikapu kupitishwa. Neno "kujitolea" lifafanuliwe: ni nani atakayelipa, kiasi gani, na kwa muda gani. Pili, kijana aulize kuhusu bima ya afya, tiketi ya kurudi, saa za kazi, na nani atakayemhudumia akiugua. Programu yenye nia njema haitachukizwa na maswali hayo. Tatu, aijue sheria ya nchi aendako. Nchini Uingereza, kwa mfano, viza ya wanaojitolea katika mashirika ya hisani haimruhusu mtu kulipwa kwa kazi anayoifanya. Anayekwenda akidhani atapata kibarua cha pembeni anajitia mashakani. Nne, asiyekuwa na wito asiufanye wito kuwa mlango wa kutorokea umaskini. Mlango huo ni mwembamba, na walioko nyuma yake hubaki na madeni.

Wapo watakaosema kuwa ukweli ukielezwa wote, hakuna atakayechanga, na vijana wetu hawatakwenda popote. Nami niliwaza hivyo. Mwezi uliopita kijana mwingine alinijia na barua kama ile ya kwanza. Nilimpeleka kwa wazee, akaisoma neno kwa neno mbele ya kanisa, kisha akajibu maswali kwa muda wa saa nzima. Zilizopatikana zilikuwa pungufu kuliko za harambee ile ya kwanza, na itambidi asubiri hadi zitimie. Lakini mama yake huketi na wenzake baada ya ibada, na siku mwanawe atakapoondoka hapatakuwa na mtu Kasikeu atakayemdai chochote isipokuwa habari za kazi aliyotumwa.