Kizunguzungu cha Kusimama: Uchunguzi na Utambuzi Wake katika Mazingira ya Namuwongo, Kampala

Neno kizunguzungu hubeba hali zaidi ya moja. Yupo mgonjwa anayeona chumba kikimzunguka hata akiwa amelala. Yupo pia anayeingiwa na giza machoni, moyo ukamwenda mbio na miguu ikamlegea kila anaposimama, kisha akapata nafuu akijilaza. Hali hii ya pili ni ya mwili kushindwa kuhimili wima. Mhudumu wa afya Namuwongo anayefasiri neno la Kiganda kamunguluze kuwa kizunguzungu, bila kuuliza zaidi, huuhamisha utata huo kutoka lugha moja hadi nyingine.

Mtu anaposimama, kati ya mililita 500 na 1,000 za damu huteremkia tumboni na miguuni. Neva zinazojiendesha hubana mishipa na kuharakisha moyo ili ubongo usipungukiwe. Utaratibu huo huvurugwa na upungufu wa maji au wa damu, ujauzito, kisukari, VVU na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Malaria nayo huweza kushusha shinikizo la anayesimama. Kwa hiyo, kupatikana kwa vimelea si sababu ya kufunga uchunguzi ikiwa dalili zinaendelea baada ya matibabu. Katika mtaa uliosongamana kando ya reli na mfereji wa Nakivubo, ambako chakula hupikwa kwa sigiri za mkaa mlangoni, kuzirai ghafla ni hatari kubwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo wa gharama. Mgonjwa hulala chali kwa dakika 5, kisha shinikizo na mapigo ya moyo hupimwa. Husimama, na vipimo hurudiwa katika dakika ya 1 na ya 3. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, hilo ni anguko la shinikizo la kusimama. Lisiposhuka, kipimo huendelezwa hadi dakika ya 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 19) na kubaki juu, dalili zikiwa zimedumu miezi 3, na visababishi vingine vikiwa vimeondolewa, hushukiwa sindromu ya moyo kwenda mbio mtu anaposimama. Msaidizi hukaa karibu muda wote, na kipimo husitishwa mgonjwa akikaribia kuzirai.

Kipimo kimoja kisichoonyesha kasoro hakitoshi kuikanusha hali hii, kwani hubadilika siku hadi siku na mara nyingi huwa kali zaidi asubuhi. Aidha, mgonjwa anayepimwa akiwa ameketi tu anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa ni mzima. Ndiyo maana uchunguzi huanza kwa swali: je, hali huja ukisimama na kuondoka ukilala?