Fahamu: Nyambizi za kisasa zinaihusuje Katanga?

Lubumbashi iko mbali na bahari, lakini mbio za kuboresha nyambizi zinagusa madini yanayopita hapa kwa malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa.

Nini kimebadilika?

Nyambizi ya dizeli ikizama hutegemea betri. Chaji yake ikipungua, nyambizi hupanda karibu na uso wa maji na kuinua bomba la hewa ili injini zizichaji. Hapo ndipo rada za ndege na meli zinazowinda nyambizi huweza kuinasa. Kwa miongo mingi betri hizo zilikuwa za risasi na asidi. Machi 2020, Japani iliingiza kazini nyambizi ya Ōryū, yenye betri za lithiamu-ioni. Hizi huhifadhi nishati nyingi zaidi na kujaa haraka, hivyo nyambizi hujificha kwa muda mrefu.

Katanga inaingiaje?

Aina nyingi za betri za lithiamu-ioni hutumia kobalti. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, sehemu za Katanga ya zamani. Wanunuzi wakubwa ni viwanda vya magari ya umeme na simu. Majeshi huchukua sehemu ndogo.

Serikali imefanya nini?

Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje. Oktoba, badala ya marufuku hiyo, ikaweka viwango vya juu vya mauzo: tani 96,600 kwa mwaka, 2026 na 2027.

Hatua hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Wakazi wa Katanga wadai mikataba iwekwe wazi, na mapato yaonekane shuleni, hospitalini na kwenye mabomba ya maji.