Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa na Mtihani wa Mnyama Mwenye Mimba

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka eneo la Naivasha nchini Kenya, huua ndama na wanakondoo na kuharibu mimba za mifugo. Binadamu wengi huugua homa ya kupita, lakini wachache hupatwa na ensefalitisi, yaani uvimbe wa ubongo, ambao huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya homa kutulia. Rwanda ilikumbwa na milipuko mwaka 2018 na 2022, na kwa kuwa virusi humfikia mtu hasa kupitia damu ya mnyama mgonjwa au kijusi kilichotoka, usalama wa mchinjaji wa Kigali huanzia zizini kwa mfugaji.

Chanjo kongwe ya mifugo ilitokana na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, ambavyo mtafiti Kenneth Smithburn alivipitisha katika ubongo wa panya zaidi ya mara 80 hadi vikapungua makali. Chanjo hiyo hutoa kinga ya muda mrefu kwa dozi moja, ila huweza kusababisha mimba kutoka au kulemaza kijusi.

Ndiyo maana majaribio ya chanjo mpya hayaishii kwa mnyama mzima asiye na mimba. Baada ya kuchanjwa, wanyama hupimwa joto na kutolewa damu. Seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, huchanganywa na virusi na kumiminwa juu ya tabaka la seli, ambalo baadaye hutiwa rangi ya zambarau. Kila mahali virusi vilipoua seli hubaki doa jeupe, na kadiri madoa yanavyopungua ndivyo kingamwili zinavyothibitika kuwa na nguvu.

Chanjo ya ChAdOx1 RVF, inayobeba kipande cha jeni za virusi ndani ya adenovirusi ya sokwe isiyoweza kuzaliana, ilipojaribiwa kwa wanyama wenye mimba ilikuwa salama na iliwalinda kondoo, ingawa kwa mbuzi ulinzi haukuwa imara kiasi hicho. Tofauti hiyo yafaa izingatiwe kwa dhati nchini Rwanda, ambako kaya nyingi hufuga mbuzi: chanjo inastahili kuaminiwa pale tu inapomlinda kila aina ya mfugo, pamoja na mimba yake.