Mbwa Aliyeachwa Nyuma

Mwezi huu nataka kusema nanyi habari za mbwa koko, wale wazungukao sokoni na majalalani pasipo mtu wa kuwaita kwa jina. Wengi wetu hudhani kwamba mbwa wa namna hii huzaliwa hivyo, kama fisi azaliwavyo fisi. Hata mimi nalidhani hivyo, mpaka siku nilipomkuta mmoja ambaye jina lake nalilijua, maana mimi mwenyewe ndimi niliyempa.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja, na nyumbani kwetu alikuwapo mbwa jike, jina lake Subira. Alilinda nyumba na kuku, na usiku mmoja alibweka hata tukaamka, tukamwona swila karibu na mkeka wa watoto. Baadaye nikahamishwa kwenda kituo kingine, mwendo wa siku mbili kwa gari. Twalifunga masanduku, tukapakia vyungu, vitabu, hata kuku watano. Subira tukamwacha. Nalimwambia jirani, "Mzee wangu, utuangalilie huyu," wala sikungoja jibu lake. Gari lilipoondoka, Subira alilifuata mpaka mtoni.

Baada ya miezi minane nalirudi kijijini kule kusaidia mafundisho ya watakaobatizwa. Somo la siku ya kwanza lilikuwa habari za Msamaria mwema. Nilipokuwa katikati ya maneno, mbwa aliyekonda akatokea mlangoni, shingo ina kidonda cha kamba, ngozi imeliwa na upele. Nyuma yake walikuwako watoto wenye mawe. Akajikokota hata miguuni pangu, akalala, akapiga mkia chini. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu si yule mbwa wako?"

Sikuwa na jibu. Nalikuwa nikiwafundisha habari za watu waliopita kando, nami nalikuwa mmoja wao; tena naliwazidi, kwa kuwa mimi ndimi niliyemtupa njiani. Jioni nalikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Akaniambia pasipo hasira, "Mwanangu, uliniachia mbwa, hukuniachia unga." Neno hilo halijanitoka moyoni.

Tangu hapo nalitafuta kujua kama wako Wakristo waliotutangulia katika kazi hii, nikaona wako. Mwaka 1824, katika mji wa London, kasisi mmoja jina lake Arthur Broome aliwaita watu wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Fedha za chama zikapungua, na mwaka 1826 kasisi huyo akatiwa gerezani kwa ajili ya madeni yake. Mwaka 1860, katika mji uo huo, mama mmoja, Mary Tealby, alifungua nyumba ya kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Magazeti yakamcheka. Alikufa mwaka 1865, walakini kazi yake haikufa: mwaka 1871 nyumba ile ilihamia Battersea, nayo ingaliko hata leo, ikiwapokea mbwa na kuwatafutia wenyeji wapya. Mjini Nairobi nako kiko chama cha kazi kama hiyo, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Na Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikatazayo ukatili.

Labda mtu atasema, "Watoto wa watu wana njaa, nawe watuambia habari za mbwa?" Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, katika mkutano ule wa 1824 alikuwapo William Wilberforce, aliyepigana miaka mingi ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Kumhurumia mnyama hakukumpunguzia huruma kwa wanadamu. La pili, mbwa asiyetunzwa ni hatari kwa watoto hao hao. Kichaa cha mbwa huua watu wengi kila mwaka katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikiisha kutokea, ni nadra sana mtu kupona. Lakini mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Basi ukitaka kumwokoa mbwa koko, fanya kwa akili. Kwanza, mtazame kwa mbali. Akitokwa na udenda, akiyumba, au akiuma ovyo, usimguse. Mwite bwana mifugo, na watoto wakae ndani. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Pili, mbwa mwenye njaa nyingi usimshibishe mara moja. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na maji safi. Tatu, achanjwe, atibiwe kupe na upele, na bwana mifugo amfunge kizazi, ili watoto wake wasizidi idadi ya mbwa koko. Nne, mtafutie mtu anayemtaka kweli, wala si yule aoneaye haya kukukatalia. Nenda ukaone atalala wapi na atakula nini. Na kama majirani ni Waislamu, umweleze mwenyeji mpya amzuie mbwa asiingie katika nyua zao, maana mate yake kwao ni najisi, nasi twapaswa kuwaheshimu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa Subira. Kituoni kwangu kipya nalikuwa nimekwisha kupata mbwa mwingine, wala sikuwa na chakula cha wawili. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake la mahindi lilikuwa likiharibiwa na nyani, akaniambia, "Mwalimu, nipe mimi, tutalinda pamoja." Nalilipa chanjo, nikaacha debe la unga, na miezi mitatu baadaye nikarudi kuwaangalia. Subira alinisalimu kwa mkia, kisha akarudi akalala karibu na jembe la mama yule. Nalifurahi, ingawa moyo uliuma kidogo.

Walimu wenzangu, sisi ni watu wa kuhamahama. Barua ya uhamisho ijapo, tuhesabu masanduku yetu, tuhesabu na kuku. Kisha tutoke nje tutazame ni nani aliyelala mlangoni, tukamtengenezee mahali pake kabla gari halijaondoka.